Safari ya Kumfunua Imma

Tanga, 4 Juni 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Kabla ya yote nataka kujua mgongo unasemaje, na masikio je, bado yamegoma? Sisi huku hatujambo. Saady anakuamkia, mama mkwe anakuamkia, na mimi nakuamkia mara ya pili maana ya kwanza najua hukuisikia.

Barua hii ataileta mzee Dadi wa dukani Kasulu, baba mdogo wa Saady, aliyekuja huku kufuata mzigo. Simu nimeacha kupiga. Siku ile nilikuuliza kama umekula, ukanijibu kwamba maharage yameota ukungu. Bora niandike.

Baba, njoo Tanga. Mwaka umepita tangu niolewe na sijaona mtu wa kwetu hata mmoja. Usiseme hujui pa kuanzia, nakueleza kila kitu. Panda basi Kasulu alfajiri, lala Dodoma, na usikubali kuunganisha usiku hata wakikubembeleza. Kesho yake panda la Tanga. Ukishuka stendi usiwasikilize wanaogombania mizigo. Chukua bajaji, sema Ngamiani, kwa Bi Zuleha wa mikate. Ndiye mama mkwe wangu, wote wanamjua.

Siku ya kwanza pumzika. Siku ya pili nenda Raskazoni, ila usiende maji yakiwa yametoka, utaona matope tu na utanidharau. Nenda yamejaa. Kisiwa cha Toten utakiona pale mbele, karibu kama shamba la Harerimana ukiwa mlangoni kwetu. Kisha nenda mapango ya Amboni. Shika ukuta, kunateleza, na mwongoza wageni akikwambia kuna njia ya chini kwa chini mpaka Mombasa wewe itikia tu. Jioni kaa bustanini kule juu ya bandari, ule mihogo ya kukaanga na pilipili, utazame meli. Samaki wa kupaka usimkose. Katlesi za huku ni ndogo, usiziseme vibaya mbele za watu kama unavyosema vyakula vya watu. Salamu zao ni ndefu, vumilia. Baiskeli ni nyingi kama Kasulu, hapo utajisikia nyumbani.

Nina chumba kidogo chenye dirisha la uani. Nimekifagia, nimekuwekea wewe.

Binti yako,
Imma (huku wananiita Asmahani)


Rungwe Mpya, 2 Julai 2023

Mwana wanje Imma,

Marahaba, ya kwanza na ya pili. Mgongo unasema yaleyale. Masikio yamefunga duka. Maharage ya ukungu tuliyala hivyohivyo na hakuna aliyekufa. Shangazi yako Nizigiyimana alikuja kutoka Kibondo, nikamsomea barua yako. Alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akalia. Unamjua.

Jina lako jipya ni zuri. Mdomo wangu bado unalikwepa, kwa hiyo humu utabaki Imma. Usimwonyeshe mkweo.

Bahari nataka kuiona. Ziwa nililiona Kigoma, na ng'ambo niliona milima ya Kongo, nikajua nimeona bwawa kubwa. Nataka maji yasiyo na ng'ambo. Lakini mwanangu, katika chumba chako siwezi kulala. Umesahau, au ndoa imekusahaulisha? Hujafunuliwa.

Saady alikuchukua kwangu kwa heshima, sina neno. Siku ya ndoa nilisimama nje ya msikiti na suti yangu nikapigwa picha, sina neno. Lakini watu wa kwetu hawajakufuata kwa mumeo kukutwikurura, yaani kukufunua. Shangazi hajakuvua kitambaa mbele ya wakwe zako, na sisi hatujawanywesha kinywaji cha mkono wetu. Mpaka hilo lifanyike, mimi nikivuka mlango wako kwa jambo jingine lolote nimeingia kama mwizi, na wewe ukivuka mlango wangu umehesabiwa mke aliyerudishwa. Babu yako alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa na kikapu kimoja kichwani na desturi hii. Kikapu kilioza zamani.

Tutakuja mimi na shangazi. Katika dada zangu amebaki yeye peke yake, na kitambaa hakivuliwi na mwingine ila dada wa baba. Mtama umekauka vizuri, kwa hiyo tutakuja na impeke, ile pombe yetu, madumu mawili. Uliza kama basi la Dodoma linapokea madumu. Na uchague siku njema, kwa sababu jambo hili hufanywa mara moja tu, kama ubatizo. Likiharibika halirudiwi mbele za watu.

Baba yako,
Pasikali


Tanga, 23 Julai 2023

Baba yangu,

Shikamoo, na shangazi nampigia magoti. Nimefurahi mgongo haujaongeza maneno. Mimi mzima, Saady mafua kidogo.

Nilikuwa sijasahau, baba. Niliogopa kusema. Nilidhani ukiiona bahari kwanza, hayo mengine yatapata njia.

Kuhusu impeke, hapana. Hii ni nyumba ya swala tano, na marehemu baba mkwe alikuwa mwalimu wa madrasa. Pombe haivuki kizingiti. Lakini nilikaa na mama mkwe nikamweleza jambo zima toka mwanzo. Alinisikiliza huku anakanda unga, halafu akauliza, "Hicho kitambaa rangi gani?" Nikajua amekubali. Anasema atawaalika majirani na Maalim wa mtaani, ili watu waone Asmahani ana wazee wake.

Baba, hujui neno hilo lilivyoniingia. Wapo huku wanaosema Saady aliniokota kambini kwa wakimbizi. Hawanisemi usoni, wananisema kisimani na sokoni. Ukija na suti yako, na shangazi akanivua kitambaa mbele yao, watanyamaza. Sitaki kingine.

Leteni kinywaji chochote kisicholevya. Kwa kuwa huwezi kulala kwangu, nimewatafutia gesti karibu na reli. Ni safi, neti hazijatoboka, na mwenye gesti anapika uji asubuhi. Mwambieni awape vyumba vya nyuma. Mbele kuna mafundi cherehani wanaanza kazi mapema, ingawa wewe hawatakusumbua.

Binti yako,
Imma


Rungwe Mpya, 13 Agosti 2023

Mwana wanje,

Marahaba. Tu wazima, shangazi yako mzima kuliko wote, maana Jumapili nzima amebishana nami bila kuchoka. Yeye anataka tununue soda hukohuko Tanga. Nikamwambia soda haina jasho la mtu. Mtoto wangu hatafunuliwa kwa kitu ambacho hata anayekusema kisimani anaweza kukinunua.

Tumekubaliana togwa. Mtama wetu, kimea cha ulezi kutoka Kibondo. Togwa hata mtoto anayenyonya anapewa, na Saady mwenyewe alipokuwa dukani kwa Dadi alikuwa anainywa hapa kwangu mpaka anakomba kata. Tutaipika siku ya mwisho kabla ya safari ifike ikiwa tamu. Madumu nitayafunga mwenyewe, kwa plastiki na kamba ya mpira, isimwagike hata tone.

Mwambie mkweo kitambaa ni cheupe. Mwambie pia nashukuru. Sikutegemea.

Suruali imepunguzwa kiuno. Tunatoka wiki ya pili ya Septemba, shangazi atapandia Kibondo.

Baba yako,
Pasikali


Rungwe Mpya, 8 Oktoba 2023

Mwana wanje Imma,

Tulifika salama. Mgongo uliumia kwenye basi, umepoa. Shangazi yako amerudi Kibondo na hataki kula vizuri.

Siku ile wewe ulikuwa umekaa mkekani umefunikwa, hukuona. Acha nikueleze nilivyoona mimi, usije ukaambiwa vingine.

Madumu yalisafiri siku mbili kwenye buti, karibu na injini. Huku kwetu milimani togwa ikikaa siku tatu bado ni ya watoto, baridi inaitunza. Joto la njiani na joto la kwenu sikulifikiria. Mimi niliyekulia kwenye mtama sikulifikiria. Tena nilikuwa nimeifunga kwa mpira. Nilipokata kamba, kifuniko kiliruka, togwa ikapanda kama moshi ikamwagikia kanzu ya Maalim, na ile harufu ikajaa sebule nzima. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni harufu ya nini. Ilikuwa imekuwa pombe, mwanangu. Pombe hasa.

Walichosema sikukisikia, niliona midomo. Shangazi yako, kwa nia njema kabisa, akachota kikombe akanywa chote, ili waone kwamba ni togwa tu, akajifuta mdomo. Hapo ndipo Maalim alipoanza kutafuta viatu vyake. Majirani wakamfuata.

Mkweo hakutugombeza. Heri angetugombeza. Alitusindikiza mpaka mlangoni ameshika mkono wa shangazi yako, akasema tumechoka na safari, twende tukapumzike, mambo yatazungumzwa. Wewe tulikuacha palepale na kitambaa chako kichwani.

Tukakaa gesti tunangoja kuitwa. Saady alikuja kila asubuhi na mikate, akiniandikia kwenye karatasi nisubiri kidogo. Kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kusubiri, nilifuata maelekezo yako. Nilikwenda Raskazoni maji yamejaa. Ni kweli hayana ng'ambo. Niliingia Amboni, nikaambiwa njia ya Mombasa, nikaitikia. Samaki wa kupaka nimemla, na katlesi sikuzisema. Shangazi alikataa kutoka, alisema hakuja kutembea, akawa anakaa kitandani na mfuko wake mapajani, tayari kuitwa. Vyote ulivyoniambia nivione nimeviona, na vilikuwa vizuri kama ulivyosema, na sikupata raha ya hata kimoja.

Asubuhi moja Saady alipokuja na tiketi za basi badala ya mikate, nilielewa.

Niandikie. Niambie kama iko namna.

Baba yako,
Pasikali


Tanga, 10 Desemba 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Sikuwa mgonjwa, nilikosa la kuandika.

Mama mkwe hana chuki na wewe. Anakuulizia mgongo kila mara. Lakini amesema waziwazi kwamba hawezi kuwaita watu tena, kwa sababu hata akiwaita hawatakuja. Saady aliwaeleza togwa ni nini, wakamsikiliza kwa adabu, wakamwonea huruma. Waliosema niliokotwa kambini sasa wanasema niliokotwa kambini kwa walevi. Na wanalisema mbele yangu, wanacheka, wananiita wifi.

Nilimwomba mama ifanyike kimyakimya. Wewe, shangazi na yeye tu, kule jikoni, bila kinywaji chochote. Alifikiri sana, akasema sawa. Nakuomba baba, ukubali hivyo. Nina mimba ya miezi minne. Nisingependa mtoto azaliwe na babu yake haruhusiwi kuingia ndani.

Binti yako,
Imma


Rungwe Mpya, 18 Februari 2024

Mwana wanje,

Marahaba. Habari ya mimba nimeisoma mara nyingi. Kula vizuri, usibebe ndoo.

Barua yako ilinikasirisha, ndiyo maana nimekawia. Jikoni? Bila watu, bila kinywaji? Nilisema huko si kumfunua mtu, ni kumficha. Nilimtumia shangazi yako maneno hayo Kibondo nikidhani atakuwa upande wangu. Alipanda gari akaja mwenyewe, na kifua kinambana, akaniandikia kwenye vumbi la ua kwa kijiti, herufi kubwa kama za darasa la kwanza: "HATA CHOONI NITAENDA."

Nimeshindwa. Tutakuja jikoni. Ila sasa mvua zimekata barabara na kifua chake hakitaweza basi. Tumesema baada ya mavuno ya mtama, Julai, mtoto atakuwa ameshazaliwa na tutakuja mikono mitupu kama mlivyotaka. Nitavaa ileile suti.

Baba yako,
Pasikali


Kasulu mjini, 8 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Pole. Pole sana, baba yangu.

Mzee Dadi alitupigia simu Alhamisi kwamba shangazi amefariki, na kwamba aliomba azikwe Rungwe Mpya kando ya mama. Niliondoka na mtoto Jumamosi, arobaini ya uzazi imeshapita. Tumefika leo Jumatatu, mmeshazika juzi. Niko gesti nyuma ya soko. Nimezaliwa wilaya hii na sijawahi kulala gesti Kasulu. Mhudumu aliniuliza natokea wapi, nikamwambia Tanga.

Hakuna tena wa kunivua kitambaa. Najua. Nimelia basini mpaka abiria wa jirani akahama kiti.

Nakuomba ruhusa baba. Sitaingia ndani. Nitasimama uani, nitaliona kaburi, utamshika mjukuu wako, halafu nitaondoka. Ni msichana, ana miezi miwili. Mzee Dadi anakuletea barua hii sasa hivi. Nitakusubiri kesho na keshokutwa. Basi letu ni Alhamisi alfajiri. Usiponijibu nitaelewa, na sitakuja kwa nguvu.

Binti yako,
Imma


Rungwe Mpya, 14 Julai 2024

Mwana wanje Imma,

Ukisoma hii mmeshafika. Natumaini mtoto hakusumbuliwa na safari, na maziwa yako hayakukauka kwa uchovu.

Dadi alinipa barua yako Jumatatu ileile. Usimlaumu, alinisihi sana. Hapa uani matanga yalikuwa bado, wazee wote wamekaa, kina Harerimana, kina Manirambona, na wanawake waliotoka Kibondo. Ungeingia hapo na mtoto mgongoni hujafunuliwa, wangekutandikia kitanda chako cha zamani siku hiyohiyo. Kesho yake ningetakiwa kutuma watu Tanga wakamwambie Saady mkewe amerudishwa kwao. Ungesema umekuja kuona kaburi tu, nani angekusikiliza? Ndivyo tulivyo. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa katika kikao cha namna hiyo kwa binti wa mtu mwingine, na sikumtetea. Na Saady ni mtu mwema. Alituletea mikate kila siku.

Kwa hiyo sikujibu.

Jumatano jioni nilikuja Kasulu nikalala kwa Dadi, juu ya magunia. Alfajiri nikaenda stendi kabla yako, nikakaa ng'ambo ya barabara, kwa mama mmoja anayeuza chai na maandazi. Nilikuona unakuja. Umenenepa kidogo, namshukuru Mungu. Mtoto ana paji la uso la mama yako, sikutegemea kuliona tena. Alikuwa analia, nilijua kwa mdomo wake, na wewe ulikuwa unamtikisa haraka haraka, usimtikise hivyo. Ulitazama upande wangu mara moja, ukaendelea kutafuta nyuma yangu. Nimepungua sana tangu Septemba ile, sikushangaa.

Dadi alinisukuma nivuke. Sikuvuka. Ningevuka ningekushika mkono, na nikikushika mkono nisingekuachia. Ningekuja na wewe nyumbani mchana kweupe, na ndoa yako ingekufa kwa sababu mzee alitamani kumpakata mtoto. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu.

Usije tena, mwanangu. Na mimi sitakuja. Aliyeweza kutufungulia mlango huo tumemzika, na mimi nilimchelewesha miezi miwili kwa kubishana juu ya jiko. Mlee mtoto hukohuko. Mfundishe salamu zao ndefu, awe mtu wa huko kabisa, asiwe na mahali pengine pa kungoja.

Basi lilipowashwa nilisimama. Yule mama wa chai aliniuliza kwa mkono kama namsindikiza mtu. Nikamwambia hapana.

Baba yako,
Pasikali